Mkanda Uliokaa Stoo

Faraji na mdogo wake Hashiru walikuwa mafundi wa kuezeka. Kwao ni Mzenga, Kisarawe, lakini walipanga chumba Sofu, mjini Kibaha, karibu na kazi. Faraji alitafuta kazi na kuajiri mafundi. Hashiru alikuwa fundi wake hodari kuliko wote. Kila baada ya wiki mbili walikwenda Mzenga kumwona mama yao, Bi Mwanamkuu. Hashiru alimlimia shamba la muhogo, kisha akala kisamvu mpaka mama akacheka.

Mwaka jana walipata kazi ya kubadilisha mabati ya ghala la zamani. Paa lilikuwa juu sana. Baadhi ya mabati yalikuwa ya plastiki, ya kupitisha mwanga. Kwa vumbi na uzee, yalifanana na mabati mengine.

Asubuhi ya siku ya mwisho, Hashiru alisimama chini ya ngazi.

"Kaka, leo tuvae ile mikanda," alisema. "Paa hili silielewi."

Mikanda ya usalama ilikuwa stoo, bado kwenye mifuko yake. Faraji aliitoa pale tu aliposikia wakaguzi wanakuja.

"Itatuchelewesha," Faraji alijibu. "Yamebaki mabati machache. Panda tumalize."

Hashiru hakubishana na kaka yake. Alipanda.

Haikupita nusu saa, akakanyaga bati la plastiki. Likapasuka. Hashiru akaanguka ndani ya ghala, kwenye sakafu ya saruji. Walimkimbiza hospitali. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Alizikwa Mzenga. Mama yake aliuliza swali moja tu.

"Ilikuwaje, Faraji?"

"Bati lilipasuka, Mama."

Habari za mkanda hakuzitaja.

Kazi ilisimamishwa. Baada ya siku chache alikuja mkaguzi wa usalama mahali pa kazi, mama mmoja aitwaye Adventina. Alipima, akapiga picha, kisha akakaa na Faraji kivulini.

"Mikanda mlikuwa nayo?" aliuliza.

"Tunayo. Iko stoo."

"Kwa nini iko stoo?"

Faraji aliinamisha kichwa. Akalia. Adventina alimngoja mpaka aliponyamaza.

"Pole sana, kaka Faraji," alisema. "Nitaandika ripoti yangu kama nilivyokuta. Sheria inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi. Amfundishe kuvitumia, na ahakikishe vinatumika. Mwajiri hapa ni wewe."

"Ni mimi," Faraji alisema. "Sasa nifanyeje?"

Adventina alimwomba aitoe mikanda stoo, akachukua mmoja.

"Huu unapita mabegani na mapajani. Kabla ya kuvaa, kagua nyuzi, kamba yake na ndoano. Ukiwa umechanika, usivaliwe. Lakini kuvaa tu hakutoshi. Ndoano lazima ishikizwe mahali imara. Bati haliwezi kumbeba mtu. Fundi mwenye ujuzi afunge kamba ya chuma juu ya paa, kwenye vyuma vya jengo. Hapo ndipo mtashikiza."

"Na mabati ya plastiki?"

"Yatieni alama kabla mtu hajapanda. Msiyakanyage kamwe. Wekeni mbao pana za kupitia. Na mpange mapema jinsi ya kumshusha mtu akining'inia, maana akikaa hivyo muda mrefu anaweza kufa."

Kesho yake Faraji alikwenda Mzenga. Alimkuta mama yake akimenya muhogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, sikukwambia yote. Hashiru aliniomba mkanda. Nikamkatalia."

Bi Mwanamkuu aliendelea kumenya. Alimaliza muhogo ule, akachukua mwingine. Faraji alikaa chini, hakuthubutu kumtazama.

"Na hao wenzake waliobaki," mama alisema mwishowe, "wanavaa?"

"Watavaa, Mama."

"Basi usikae hapa. Nenda kawavishe."

Faraji alirudi Kibaha. Alisajili eneo lake la kazi kwenye ofisi ya wakaguzi wa usalama, akawapeleka mafundi kwenye mafunzo. Kila asubuhi alikagua mikanda mwenyewe, mmoja mmoja. Fundi aliyekataa kuvaa hakupanda. Wengine walinung'unika kwamba kazi inakwenda polepole. Faraji aliendelea kukagua.

Miezi mitano baadaye walikuwa kwenye paa la ghala jingine. Fundi Ponsiano aliteleza kwenye ubao, akaangukia bati la plastiki. Likapasuka. Ponsiano akatumbukia, lakini kamba ya mkanda ikamkamata. Akabaki akining'inia juu ya sakafu.

"Leteni ngazi ndefu," Faraji alisema.

Walikuwa wamefanya mazoezi. Baada ya dakika chache tu, Ponsiano alikuwa chini, amekaa. Bega lilimuuma. Faraji alimpeleka hospitali, akatoa taarifa ya tukio. Mkanda ule aliukata kwa kisu, kwa sababu mkanda uliokwisha kumkamata mtu hautumiki tena.

Jioni alimpigia simu mama yake.

"Mama, leo fundi wangu ameanguka. Mkanda umemshika. Yuko mzima."

"Mama yake yupo?" Bi Mwanamkuu aliuliza.

"Yupo. Yuko Bukoba."

"Mwambie ampigie, mama asikie sauti yake."

"Nimemwambia, Mama."

Faraji alisikia mama yake analia. Hakukata simu. Alikaa kwenye ngazi ya ghala, simu sikioni, mpaka mama yake aliponyamaza.