Mwinyi Zawaba Ameitwa Kibaha

Udi ulianza kunuka Jumanne, mchana kweupe, ndani ya ofisi yenye AC pale Kibaha Maili Moja.

"Oya, nani kachoma udi humu?" Brayan akauliza bila kuinua macho kwenye simu. Brayan ndiye bosi. Degree hana, mjomba anaye.

"Sio mimi, bro," Jabiri akajibu. Huyo ana first class ya computer science, miaka mitatu benchi, na sasa yuko kwenye majaribio yasiyolipa hata nauli. Ukifanya vizuri tutakupa mkataba, walimwambia. Nchi hii wahitimu tunalishwa ahadi kama kuku pumba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mfumo wa zamani uliita vitu vyake kwa majina yaliyobanana, MkulimaWaKorosho, kila neno na herufi yake kubwa. Wateja walitaka XML, muundo wa kuandikia taarifa ambamo jina hilo linakuwa mkulima-wa-korosho, linafunguliwa mwanzo wa taarifa na kufungwa mwisho. Jabiri aliandika programu ya kugeuza. Ili kuijaribu alihitaji jina refu lenye vipande, likamjia moja alilolisikia utotoni kwenye ngoma ya bibi yake: ZawabaBinKaisiWaRuvu. Akaliweka juu kabisa, lisomwe kwanza kila programu inapowashwa. Programu ikalikatakata, ikalifungua, ikashindwa kulifunga, ikaendelea na mengine. Bug ndogo, kosa la kawaida la programu. Akairudia kutwa nzima, huku udi ukizidi.

Kwao Maneromango jina hilo ni la jini wa ukoo. Hutajwa na mganga peke yake, juu ya chetezo cha udi, na likishaitwa lazima liagwe kabla moshi haujakata. Bibi ndiye aliyekuwa kiti chake, mwili anaoukalia. Bibi alipokufa, jini akaagwa kwa heshima, na hakuna aliyemwita tena.

Jioni ile, mdogo wake Salama, anayesomea uuguzi, aliacha kuosha vyombo.

"Kaka, nani ananiita?"

"Hakuna mtu."

"Yupo," akanong'ona. "Anakuja mpaka mlangoni, halafu kimya. Haingii, haondoki."

Kesho yake mchana Jabiri alimkuta amekaa sakafuni ameupa mlango mgongo, macho wazi hayapepesi, nywele zinanuka udi na matope ya mto, na kutoka kifuani mwake, sio mdomoni, ilitoka sauti nzito ya mwanamume mtu mzima ikisema niliitwa nimekuja, niliitwa nimekuja, kiti changu kiko wapi, mpaka sufuria zikaanza kutetemeka rafuni na Jabiri akajikuta anaisoma Ayatul Kursiy na kuikosea, yeye aliyekuwa anaifanyia mzaha kijiweni.

Alimpeleka, kompyuta yake begani, kwa Bi Mwanaasha, mganga wa kule Vihingo aliyemhudumia bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefanya nini?"

"Nilimwandika tu kwenye kompyuta. Testing."

"Ulimwita. Ukamuaga?"

"Sikujua kama..."

"Msomi mzima! Mgeni umemwita mwenyewe, amefika, unamwacha barazani juani. Na nyumba nzima aliyemfaa kukalia ni mtoto huyu. Akishakaa, hainuki tena. Bibi yako alikufa naye."

Salama akacheka kwa ile sauti. Mbuzi wa jirani wakanyamaza.

"Fungua hilo dude lako," Bi Mwanaasha akasema kwa sauti ya chini. "Ulivyomwita ndivyo utakavyomuaga."

Jabiri akarekebisha ile bug. Jina likafunguliwa kwenye kioo. Bi Mwanaasha akarusha udi kwenye makaa, akaanza kumsihi Mwinyi Zawaba kwa majina yake yote, kwa adabu, kama anayemsindikiza mkwe. Jina likafungwa. Salama akaanguka ubavu, akalia kwa sauti yake mwenyewe.

"Sasa mfute."

Akafuta. Harufu ikaondoka. Bi Mwanaasha akamwagia chetezo maji, akampa Salama uji. Salama akaulizia sukari, na Jabiri, bila aibu, akalia.

Ndipo simu ikaita.

"Mwanangu," Brayan akasema, nyuma yake watu wanapiga makofi, "umetoroka kazini, kwa hiyo mkataba sahau. Ila ile code yako niliikopi Jumanne. Iko poa kinoma! Nimeiuza kwa vyama vya wakulima, Kibaha, Kisarawe, kote. Tunaiwasha sasa hivi."

"Brayan, subiri. Lile jina la juu, litoe, hiyo kopi yako hailifungi. Nakuomba, bosi wangu."

"Acha wivu, dogo." Akakata.

Jabiri akapiga tena. Haikupokelewa. Akapiga tena.

Nyuma yake kikombe kikawekwa chini, taratibu. Salama alikuwa amegeuza uso upande wa Kibaha, kisha upande wa pili, kisha wa tatu, kama mtu anayeitwa na wengi kwa pamoja.

"Bibi," Jabiri akanong'ona, "washa chetezo."

Bi Mwanaasha alikuwa anakitazama. Makaa yalikuwa yanaelea kwenye maji, meusi, na udi ulikuwa unanuka chumba kizima.