Wajane wa Kibirikani

Katika zama zile ambazo heshima ya mtu ilipimwa kwa nakshi za mlango wake na upana wa joho lake, mji wa Uziwani haukuwa na cha kujivunia ila maji. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, mtu wa kaskazini akipiga chafya, wa kusini humwombea rehema. Haukuwa na ambari wala pembe za ndovu. Ulikuwa na diwani mmoja, naye kiziwi, jambo lililowafaa sana walalamikaji, maana hakuwakatiza.

Lakini pwani yake ilikuwa na Kibirikani. Bahari ilipokupwa, maji matamu yalichuruzika kutoka kwenye mwamba, yakajaa birika lililochongwa na watu waliosahauliwa majina. Msimu wa joto waungwana wa miji mikubwa walikuja kupumzika. Walilala vyumba vyenye vidaka, wakala mikate ya mofa, wakaoga, wakarudi kwao wakijisifu kana kwamba maji wameyatengeneza wao. Maharusi waliogeshwa hapo, na wajane walipomaliza eda waliletwa hapo kuoshwa msiba. Na Kibirikani kulikuwa na sharti moja: zamu. Aliyetangulia ndiye aliyeoga, awe nani.

Sharti hilo ndilo lililoleta vita. Sultani wa Tangauni alifika na pembe zikilia mbele yake, akaambiwa asubiri nyuma ya bi harusi wa muuza ukwaju. Akasubiri. Akaoga. Akashukuru kwa maneno mazuri, akarudi kwake, akatuma jeshi. Maji yalimtakasa ngozi, moyo hayakuufikia.

Jeshi liliongozwa na Amiri Fumobwana, mwindaji wa ndovu, mtu wa sala tano na joho jeusi, kitara kiunoni, nyuma yake watu wenye mikuki na ngao za ngozi ya kifaru. Waliposhuka pwani, mji ulikuwa haujafunga lango. Bwana Shee, fundi wa milango, alilikimbilia peke yake. Alikuwa amelichonga yeye, akajua wapi pa kulisukuma. Komeo likaingia, na mkuki wa Amiri ukamwingia yeye, kupitia ufa uliobaki. Lango likafungwa. Bwana Shee akafa ameliegemea.

Mkewe, Mwana Jaha, akatiwa eda. Alivuliwa dhahabu, akavishwa nyeupe, akaketi chumba cha ndani bila wanja wala udi. Watu walikingojea kilio chake kama wakulima wangojeavyo mvua, wakachoka. Alipewa uji, akanywa.

“Una chumvi?” waliuliza.

“Sijui,” alisema.

Nje, Amiri alipiga hema pwani, akaikalia Kibirikani. Visima vya mjini vikageuka chumvi, kisha tope. Watoto wakawa wanalamba mitungi. Diwani akasema kesho lango lifunguliwe, na kila mtu alijua maana yake: wanaume kuuawa, wanawake na watoto kufungwa kamba na kuuzwa Tangauni.

Hapo ndipo alipoingia Somo Kidawa, kungwi wa mji, bibi mwenye jino moja na maneno elfu.

“Jaha mwanangu, inuka. Eda yako imekwisha.”

“Bado, Somo. Hata nusu sijafika.”

“Mimi niliyekutia ndimi nitakayekutoa. Amiri ana dini, mjane hatamzuia. Tutakwenda chini ya shiraa, na wenzako nyuma yako na viriba vya kutekea maji ndani ya nguo.” Akameza mate, japo hakuwa nayo. “Ila Bwana Shee itabidi umfishe upya. Yule wa mlangoni Amiri anamjua, atahesabu siku zake kwa vidole. Utasema mumeo alikufa kabla ya vita, kwa homa.”

Jaha aliutazama ukuta.

“Homa gani?”

“Yoyote. Marehemu hatakudai.”

“Haya.”

Basi lango likafunguliwa kidogo, shiraa ikatoka: kitambaa kirefu juu ya miti minne, kimeshuka pande zote hadi vifundoni, kama chumba kinachotembea. Jaha mbele, wanawake nyuma yake wameminyana, Somo Kidawa nje na fimbo yake. Walinzi wakamwita Amiri.

“Nani humo?”

“Mjane, Bwana. Anatoka edani.”

“Mume alikufa na nini?”

Sauti ya Jaha ikatoka, kavu, kama ya mtu atajaye bei ya kitunguu. “Homa.”

Mwongo hutetemeka, na mfiwa hulia. Sauti hii haikufanya lolote, na Amiri hakupata pa kuishika.

“Pita, mama. Mungu akupe subira.” Akawaamuru watu wake wasogee.

Kwenye birika viriba vikajazwa upesi. Somo, kwa kuwa wapo waliosikiliza, akammwagia Jaha kata moja ya maji kichwani.

“Baridi?”

“Sijui.”

Jioni ile watoto wa Uziwani walikunywa. Diwani akaambiwa lango libaki limefungwa, akasikia, ajabu yake.

Kesho yake akatoka mjane mwingine, na keshokutwa mwingine. Ndani ya shiraa alikuwa Jaha yuleyule, kwani wengine walijaribu sauti zao, huyu akacheka, yule akalia. Yeye aliulizwa, akajibu. Mume mmoja alianguka mnazi. Mmoja alikula bunju, samaki wa sumu. Mmoja, siku ambayo Somo aliishiwa na vifo, alicheka hadi akafa. Kila mmoja Jaha alimzika kwa neno moja au mawili, akamwagiwa kata yake, akarudi kuketi.

“Wanaume wa Uziwani hufa ovyo,” alisema Amiri.

“Ndiyo maana hukutukuta na jeshi, Bwana,” alijibu Somo.

Lakini mwindaji ni mwindaji. Siku moja Amiri aliinama mchangani. Nyayo za kwenda zilikuwa nyepesi kama za kunguru, za kurudi zimezama kama za kiboko. Aliwangoja njiani wanaporudi.

“Bibi, wajane wenu huoga maji au hula mchanga?”

“Maji haya yana baraka, Bwana,” Somo akasema. “Mwanamke akiyaoga hatoki mtupu.”

Askari waliangua kicheko. Amiri hakucheka.

“Funueni shiraa.”

Hakuna aliyesogea.

“Nimesema funueni!”

“Bwana Amiri,” akasema mmoja wao taratibu, “mimi nina mama.”

Amiri akachomoa kitara aikate mwenyewe. Ndipo sauti ile kavu ikatoka ndani. “Acha. Nitafunua mimi.”

Jaha akainua kitambaa, akatoka juani. Akaushika ukaya wake, akauvua, ukaanguka mchangani, nywele zake zikawa wazi mbele ya jeshi zima.

“Mume wangu alikuwa mmoja,” alisema. “Bwana Shee, fundi wa milango. Hakufa kwa homa, wala hakuanguka mnazi. Ulimchoma wewe akiwa ameshika komeo. Eda yake bado. Nitazame.”

Kumtazama mjane wa edani kichwa wazi! Wale waliokabili ndovu waligeuka wote kwa mkupuo mmoja, kama samaki waliotupiwa jiwe. Wengine walijifunika nyuso kwa ngao. Amiri alisimama na kitara juu, macho kafumba. Kisha naye akaelekea bahari.

“Twendeni, mabinti,” Somo akanong'ona. “Msimwage.”

Wakapita nyuma ya migongo ya jeshi. Kiriba kimoja kilikuwa kinavuja, tone, tone, na kila askari alilisikia. Hakugeuka hata mmoja.

Jeshi lililokwisha kugeuka kwa haya ni kazi kuligeuza tena kwa vita. Askari walianza kunong'onezana habari za laana, wakawa wanatoroka wawili wawili, mpaka Amiri naye akang'oa hema. Sultani aliambiwa kwamba maji ya Uziwani yameingia chumvi. Mjini zikapigwa ngoma, siwa ikalia, diwani akacheza. Jaha alirudi chumba cha ndani kumalizia siku zake.

Siku yenyewe ilipofika wakamchukua kwa shiraa mpya na udi wa kweli. Mji mzima ulikuwa pwani. Somo Kidawa akateka kata, akammwagia polepole.

“Baridi, mwanangu?”

Jaha alifikiri sana, kwa kuwa alitaka kumjibu kweli.

“Sijui,” alisema.

Siku hizi Uziwani kuna nyumba za wageni, na watu wa kofia za ukili huja kupiga picha. Wenyeji huwaonyesha lango, wakalitaja kwa jina la yule diwani kiziwi. Huwaambia kwamba mwanamke akioga hapa hatoki mtupu, na maharusi hupanga foleni, kwa zamu. Fundi wa milango hatajwi, wala mkewe. Iliyobaki ni desturi moja tu ambayo hakuna aijuaye chanzo: amwagaye kata ya kwanza lazima aulize, “Baridi?” na mwogaji, hata meno yakimgongana, lazima ajibu, “Sijui.”

Wakijibu hivyo, wote hucheka.