Uzi Mmoja wa Gita la Besi

Kila Jumamosi, akishaanika sare zake za shule, Tupokigwe alivaa sweta na kwenda ukumbi wa kanisa, hapo hapo mtaani kwao Ilomba, kujifunza gita la besi. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Sikukuu ya Mavuno ilikuwa imekaribia, na alitaka siku hiyo awe yeye mbele ya watu na gita begani.

Jumamosi ya tatu alipolishika gita alishtuka. Lilikuwa limebaki na uzi mmoja tu, ule mnene kuliko zote.

"Mwalimu, nyuzi nyingine ziko wapi?"

"Zipo," alijibu Mwalimu Saulo bila kumtazama. "Piga huo huo. Taratibu. Sikiliza ngoma ya Pendo, mguu uhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ukikosea, anza upya."

Hata spika hakuiwasha. Tupokigwe alipiga mpaka ncha za vidole zikawaka moto. Pendo, mtoto wa kaka yake Mwalimu, alipiga ngoma huku akitabasamu. Anatabasamu nini? Na kwa nini wengine wakiondoka, yeye hubaki?

Jioni alimwambia mama yake, "Mama, Mwalimu ananibania. Nyuzi amezificha. Nadhani anamfundisha Pendo ili apige yeye."

Mama Tupokigwe alikuwa anachambua maharage. "Umemuuliza?"

"Hawezi kusema ukweli."

"Umemuuliza au hujamuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Basi hayo ni mawazo yako. Kaa, chambua maharage."

Jumamosi iliyofuata Tupokigwe aliwahi. Nje, Mwalimu alikuwa anaongea na katibu wa kwaya. Mara Tupokigwe akamwona Pendo akitoka stoo ya kanisa kwa haraka, ameficha kitu ndani ya sweta. Si nilisema! alijiambia.

Pendo aliuacha mlango wazi. Tupokigwe aliingia akatazama huku na huku. Kwenye rafu palikuwa na kopo la biskuti. Alilifungua. Nyuzi tatu zilikuwa ndani, zimeviringwa vizuri.

Alichukua ule mwembamba kuliko zote, akaupeleka ukumbini na kuufunga kwenye gita. Akaukaza. Sauti ilikuwa nzito, si kama ile ya magita aliyoyasikia kwenye nyimbo za simu ya mama. Akakaza tena, na tena. Paa! Uzi ulikatika na kumchapa mgongo wa mkono.

Alivirudisha vipande kwenye kopo, akavuta mikono ya sweta mpaka vidoleni, akaenda kukaa.

Haukupita muda, Mwalimu akatoka stoo na kopo mkononi. "Nani ameingia humu?"

Mwalimu alimgeukia Pendo.

"Ufunguo nilikupa wewe, Pendo."

"Baba mdogo, haki ya Mungu, nimechukua vijiti vya ngoma tu, kama ulivyonituma! Nilivificha kwenye sweta visilowe na manyunyu."

"Na uzi umejikata wenyewe? Leta vijiti. Mavuno hupigi."

Pendo alilia mpaka kwikwi zikamshika. Tupokigwe aliangalia sakafu.

Nyumbani, alipokuwa anamimina chai, mama alimshika mkono. "Hapa pamefanya nini?"

"Mwiba, mama."

"Mwiba gani unaochora mstari ulionyooka kama rula? Sema."

Tupokigwe aliweka birika chini. Alieleza yote, mpaka kilio cha Pendo. Mama hakupiga kelele. Alivua aproni. "Vaa viatu. Twende."

Mwalimu na Pendo walikuwa bado ukumbini, Pendo akifagia. Kumbe ndiyo kazi iliyomfanya abaki kila Jumamosi.

"Shikamoo, Mwalimu. Uzi nimeukata mimi," alisema Tupokigwe. "Pendo, nisamehe. Nilinyamaza ukaonewa."

Mwalimu alikaa kwenye benchi. "Hata mimi nimekuonea, mwanangu," alimwambia Pendo, akamrudishia vijiti. Kisha akamgeukia Tupokigwe. "Anayeanza nikimpa nyuzi nne, vidole vinakimbia kila mahali na mguu unasahau kuhesabu. Mguu ukizoea uzi mmoja, naongeza mwingine. Leo nilikuja kukuwekea wa pili."

Tupokigwe alifunika uso.

Sikukuu ya Mavuno ilipofika, gita lilikuwa na nyuzi mbili. Akina mama waliingia na vikapu vya viazi na mahindi kichwani, wakipiga hatua kufuata wimbo wa kwaya. Tupokigwe hakutafuta sauti za madoido. Mguu ulihesabu, kidole kikagonga, na kila alipogonga, miguu ya akina mama ilitua chini kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza nyuzi nyingine ziko wapi.

Baada ya ibada mama yake alimsubiri mlangoni. "Umepiga vizuri. Lakini nisikilize. Ulikuwa na shaka, hukuuliza. Mwalimu alipouliza, jibu ulikuwa nalo, ukalikalia. Siku nyingine shaka iulize, na kosa lako liseme kabla mwenzako hajalilipia. Uzi tutanunua dukani. Hilo la Pendo utalifanyia kazi mwenyewe."

Tupokigwe aligeuka. Ndani ya ukumbi Pendo alikuwa ameshachukua ufagio, akimtazama kwa jicho la pembeni. Tupokigwe alikwenda kutafuta ufagio wa pili.