Kopo Lisilokuwa la Bashira

Kila alasiri Bashira akirudi skuli alivua sare, akaloweka ukwaju na kuuvuruga kwa mkono. Nyumba nzima, pale Mwanakwerekwe, ilisubiri juisi yake. Mdogo wake, Ame, alikuwa akiramba hata gilasi. Sasa Ame hayupo. Homa ya matumbo ilimchukua kwa wiki tatu, na viatu vyake bado vilikuwa mlangoni.

Baada ya hitima alikuja Bi Nassra wa maabara, akagawa vikopo.

"Kila mmoja atie choo chake kidogo," alisema. "Bakteria wa homa hii huweza kukaa katika utumbo wa mtu mzima wa afya, naye akawaambukiza wenzake bila kujua."

Bashira alikumbuka homa iliyompata kabla ya Ramadhani, na vidonge alivyoviacha nusu. Usiku huo hakulala. Asubuhi alimwendea jirani yake, Khairat.

"Watu huomba chumvi, weye waomba choo," Khairat alicheka. "Kwani chako kina nini?"

"Nnaona haya tu," alidanganya, na Khairat akamtilia koponi.

Siku nne baadaye Bi Nassra alirudi. Alieleza kwamba walikipaka choo kwenye visahani vyenye chakula maalumu, kinachozuia bakteria wengi wengine. Wale wa homa ya matumbo huota vidoa vyenye kitovu cheusi, navyo huhesabiwa.

"Kwenu nyote, sifuri."

Mama alilia kwa faraja, akamrudishia Bashira bakuli la ukwaju lililowekwa kando tangu msiba. Angekataa, angeulizwa sababu. Akavuruga.

Siku ya kumi na mbili tangu majibu yale, Faiza, kitindamimba wa miaka mitatu, alilazwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa homa.

"Dada, nipe juisi yako," alinong'ona.

Bashira alitoka wodini, akaenda moja kwa moja maabara.

"Shikamoo, Bi Nassra. Lile kopo halikuwa langu."

Bi Nassra akampa kopo jipya.

Siku chache baadaye alimwita pamoja na mama yake, akawaonyesha kisahani kilichofunikwa. Bashira alihesabu vidoa vyeusi mpaka sitini na nne, macho yakajaa machozi, hesabu ikampotea.

"Ulijua tangu lini?" Mama aliuliza.

"Sikujua, Mama. Niliogopa kujua."

Safari hii Bashira alimaliza dawa zote. Faiza alirudi nyumbani mifupa mitupu, na kwa muda mrefu alitembea kwa kushika ukuta. Bashira alipimwa tena na tena, mpaka visahani vikatoka bila kidoa.

Siku ya mwisho Bi Nassra alimkalisha.

"Kuwa na bakteria si kosa lako, hukuwaita. Wala kifo cha Ame usijibebeshe. Lakini zile siku kumi na mbili za Faiza ni zako. Sisi tunahesabu kilichomo koponi tu, mwanangu. Ukitupa uongo, tutahesabu uongo, na mwingine ataugua. Osha mikono kwa sabuni kila utokapo chooni, na ukiogopa, sema."

"Naam, Bi Nassra."

Nyumbani Mama aliweka sabuni kando ya bakuli la ukwaju. Bashira alinawa mpaka viwiko, polepole, Faiza akimtazama.