Tshiela na Kiti cha Pili

Asubuhi, ukungu wa mto Lualaba hupanda mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kila siku Tshiela alifagia uwanja, akachota maji, kisha akapita nyuma ya stesheni kumpelekea baba yake chakula. Baba yake, Kazadi, alikuwa fundi wa mabehewa. Walitoka Kasai zamani, na sasa Kindu ilikuwa kwao.

Mwaka ule Tshiela alipata diplome ya Leta, cheti cha serikali cha kumaliza sekondari. Mtaa mzima ulishangilia.

"Mutoto yangu," Kazadi alisema, "utasomea mambo ya utawala. Utakaa mu biro. Watu watasimama ukipita."

"Papa, mimi napenda biolojia."

"Biolojia italeta jina gani? Nimesema."

Mama yake aliendelea kupepeta mchele. Alikuwa ameuza mpunga miaka mingi ili binti asome.

Njiani kwenda stesheni kulikuwa na biro ya zamani, ofisi ya serikali iliyofungwa. Madirisha yalikuwa yamevunjika na majani yameota mlangoni. Watu walilikwepa jengo lile. Walisema ndani kuna mashini ya kuandika inayolia yenyewe. Tshiela hakuamini. Lakini asubuhi moja, ukungu ukiwa mzito, aliisikia. Ta-ta-ta. Ikanyamaza. Kisha sauti ikaita:

"Mwingine aingie!"

Njia ilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu ila yeye.

"Mwingine aingie!"

Alitaka kukimbia, lakini miguu ilimpeleka mlangoni.

Ndani, mwanamume mwembamba alikuwa ameketi. Abakosi yake, suti ya wakubwa wa zamani, ilikuwa imefuliwa hadi ikapoteza rangi. Vidole vyake viligonga mashini, lakini mashini haikuwa na karatasi. Popo walining'inia juu yake. Meza zote zilikuwa na vumbi, isipokuwa moja iliyokuwa kando yake. Hiyo ilikuwa imepanguswa vizuri, na kiti chake kimevutwa kidogo, kana kwamba mtu anangojewa.

"Umechelewa," alisema bila kuinua macho. "Utasomea nini?"

"Papa... Papa anataka nisomee utawala."

Mtu yule akatabasamu.

"Nilijua. Kiti yako njo ile. Naipangusa kila siku."

Tshiela alitoka mbio. Chakula chote kilimwagika njiani.

Kazadi aliposikia, alimpeleka kwa jirani yao, Mama Ngoyi. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanafunzi wa sekondari kuchagua masomo.

"Ule si muzimu," Mama Ngoyi alisema. "Njo Citoyen Tambwe. Alisomea utawala, akarudi na licence ya iniversite. Biro yao ikafungwa, wakubwa wakaenda, mushahara ikakatika. Lakini yeye anaenda tu kila asubuhi."

Kazadi alishtuka. "Tambwe? Mwenye alikuwa anapita na motokari, watu wote wanamupungia mukono? Kumuona yeye njo kulinipa ile wazo!"

"Njo yeye."

Kesho yake Kazadi alikwenda mwenyewe, akasimama nje ya dirisha. Tambwe alikuwa akicheka kwa sauti ya chini. Alisalimia viti vitupu, kimoja kimoja, kila kimoja kwa jina la mtu. Kisha akageuka polepole.

"Kazadi," akasema, "mbona haukumuleta mutoto?"

Kazadi hakuwahi kuongea naye maisha yake yote. Hakuwahi kumwambia jina lake.

Alirudi kwa Mama Ngoyi pamoja na mke wake na Tshiela.

"Mama Ngoyi, utufundishe. Tutachagua namna gani?"

"Masomo iko kama shamba ya mupunga," Mama Ngoyi alijibu. "Mbele ya kupanda, unauliza udongo italeta nini na nani atanunua. Wewe, Papa Kazadi, uliangalia jina tu. Jina haiingie mu sufuria."

"Basi, utawala njo masomo mubaya?"

"Hapana. Ni nzuri pale kazi iko. Lakini hapa mujini wenye licence hiyo wanapita hesabu ya viti. Muende kwa wenye walimaliza masomo mbele yenu. Muwaulize kama wako na kazi, na kama mushahara inafika. Muulize miaka ya kusoma na gharama yake. Na tena hii: siku Leta haitalipa, mikono yangu itaweza kunilisha?"

Tshiela akauliza, "Na kama kazi inalipa vizuri, lakini sina moyo nayo?"

"Utaiacha katikati, na feza ya wazazi itapotea. Utafute kazi yenye moyo yako inaiweza, na yenye watu wanaihitaji."

Mama yake Tshiela akasema, "Mimi niliuza mupunga juu ya mutoto asome. Sikuuza juu ya kiti."

Wakaanza kuuliza. Mwalimu mmoja aliwaambia ukweli, kwamba mshahara wake hukaa miezi bila kufika, ingawa ulimwuma. Karani mmoja alikwepa kujibu, na hilo pia likawa jibu. Mwuguzi wa lupitalo, hospitali ya misioni, aliwaambia kwamba wanatafuta mtu wa labo tangu zamani, wa kupima damu, na hawampati. Tshiela alimsikiliza mpaka akasahau kukaa.

Alikwenda Kisangani kusomea kazi ya labo. Miaka mitatu baadaye lupitalo ile ilimwajiri.

Siku moja Kazadi alifika pale akitetemeka kwa homa. Tshiela alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi. Kisha akamwita aangalie ndani ya hadubini, chombo cha kukuza vitu vidogo.

Kazadi aliinama. Aliona maduara mengi, na ndani ya mengine pete ndogo za zambarau.

"Hii ni nini?"

"Njo malaria, Papa. Inakaa ndani yako."

Kazadi aliinama tena kuitazama damu yake.

"Na wanakulipa juu ya kuangalia hivi vidudu?"

"Kila mwezi, Papa. Sasa umeze dawa."