Shati la Kaka Kwenye Simu

Kila alasiri akitoka shule, Kidomo alifagia vipande vya nyuzi katika chumba cha cherehani cha mama yake, fundi wa nguo, kisha akampigia nguo pasi. Jina hilo la utani alipewa na kaka yake, maana siri ikiingia sikioni mwa msichana huyo, hailali.

Siku moja vijana waliitana kwa simu, wakaandamana kupinga ada mpya ya chuo. Kaka yake alikuwa miongoni mwao. Kidomo alipochungulia simu ya mama, alikuta video ya kijana aliyejifunga kitambaa usoni, amesimama juu ya pipa, anahutubia. Uso haukuonekana, lakini shati alilijua. Mama alilishona kwa mabaki ya vitambaa, mfuko mmoja wa maua, mwingine wa mistari.

Kifua kilimjaa fahari. Akaandika chini ya video, "Huyo ni kaka yangu, mtoto wa fundi cherehani wa karibu na stendi."

Kabla jua halijazama, askari wawili walipiga hodi. Hawakufoka. Mmoja alimwonyesha mama simu, akauliza, "Mama, shati hili umeshona wewe?"

Mama hakujua linalotoka wala linaloingia. Aliitazama kazi ya mikono yake, akatabasamu, akasema ndiyo.

Basi askari wakaketi kumsubiri kaka. Kaka aliingia akiuliza kama kuna chakula, wakaondoka naye.

Kidomo alifuta maneno yake haraka, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu walikuwa wameshayapiga picha na kuyasambaza. Asubuhi mama alifunga chumba akaenda kukaa kwenye benchi la kituo cha polisi, na jioni alirudi bila jibu. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mwishowe Kidomo akamfuata mama yake.

"Mama, ni mimi niliyeandika."

"Ulitaka nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Watu wajue ni wetu."

"Hata mimi nilipoulizwa shati, nilitaka hilohilo," mama alisema.

Kaka aliachiwa wiki iliyofuata. Alirudi anachechemea, amevaa fulana ya kuazima. Kidomo alimwomba radhi huku analia.

"Mimi nimetoka," kaka alimjibu. "Mwenzangu aliyenishikia pipa bado yumo ndani. Uso wake ulikuwa wazi kwenye video ileile, na maneno yako yameieneza kila mahali."

"Nifanye nini, kaka?"

Mama ndiye aliyemjibu, "Nguo nikiikosea, naifumua. Neno ukishalirusha kwenye simu halifumuliki, hata kama ulilisema kwa mapenzi. Kabla hujamtaja mtu, jiulize ni nani mwingine atakayesoma."

Kisha akasimama. "Mama yake yule kijana yuko kituoni peke yake. Hatuwezi kumtoa mwanawe, lakini kukaa naye tunaweza. Na ulichoandika, utamwambia wewe mwenyewe."