Ekseli ya Mwisho Bandani

Haya yalimpata jirani yangu Earlene, hapa Ohio, wala sitii chumvi. Mumewe Royce alivunja ekseli za nyuma za Mustang yake ya zamani kwa kujitia kijana mashindanoni, na kitambi kile. Wakaenda yadi ya magari mabovu kutafuta nyingine.

Mwenye yadi akawaingiza kwenye banda lenye giza, ekseli zimening'inizwa kwa minyororo. Ekseli nzima ukiigonga kwa nyundo hulia kama kengele. Yenye ufa hulia kama chungu kibovu.

“Hiyo ya mwisho iache, bwana,” akasema. “Imetoka kwenye gari lililomaliza familia nzima.”

“Nanunua chuma, sinunui matanga.”

“Royce, twende tukanunue mpya,” Earlene akamsihi.

“Funga bakuli lako!”

Royce akachukua nyundo, akaigonga ile ya mwisho. Kilichosikika ni mfupa kuvunjika, na Royce akapiga yowe, kashika mbavu.

“Nani kanipiga?”

Hakuna aliyemgusa. Kwa hasira akaigonga tena, kwa nguvu zote. Gizani ukalia mfupa mwingine. Taya lake likaning'inia, damu ikamwagika kifuani. Earlene akamng'ang'ania mkono, wapi! Macho ya Royce yalikuwa yakimwomba amzuie, na mkono wake ukazidi kuinua nyundo.